Sura ya Nne: Sheria Moja, Halmashauri Mbili, Huduma Tofauti

Wananchi wanaoishi karibu na mpaka wa halmashauri mbili huuliza swali ambalo hata watumishi wa umma hulijibu kwa shida. Ikiwa sheria ni ileile, ruzuku hukokotolewa kwa kanuni zilezile na watumishi wamesoma katika vyuo vilevile, kwa nini upande mmoja zahanati ina dawa, soko linafagiliwa na mapato ya kijiji yanasomwa mkutanoni, ilhali upande wa pili boma la darasa lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi limeota majani likisubiri bati? Wapo wanaojibu kwamba tofauti ni fedha, na wapo wanaosisitiza kwamba tofauti ni kiongozi. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini fedha nyingi zimewahi kupelekwa mahali zisionekane matunda yake, na viongozi hodari wamewahi kuhamishiwa mahali ambapo mikono yao ilifungwa na taratibu wasizoweza kuzibadilisha.

Sura hii inaeleza kwamba utendaji wa sekta ya umma katika ngazi ya chini, yaani ubora, wepesi na usawa wa huduma ambazo mwananchi anazipata shuleni, zahanati, sokoni na ofisini, hutokana na mambo mawili yanayotegemeana. La kwanza ni nafasi ya kuamua ambayo mamlaka ya eneo husika imepewa, na la pili ni mtindo wa uongozi wa wale wanaoitumia nafasi hiyo. Mambo hayo mawili huzaa matunda ya kudumu pale tu kiongozi anapowajibika kwa watu walewale wanaoathirika na uamuzi wake. Mifano mingi inatoka Tanzania, ambako historia ya Serikali za Mitaa imepita katika kufutwa, kurejeshwa, kuimarishwa na kupunguzwa tena, na baadhi inatoka Kenya na Rwanda, ambazo zimechagua njia tofauti kuufikia mwisho uleule.

Uhuru wa mamlaka za mitaa ni nini hasa?

Uhuru wa mamlaka za mitaa maana yake ni uwezo wa kisheria na wa kivitendo wa chombo cha eneo, kama vile halmashauri ya wilaya, manispaa au kijiji, kuamua mambo yake bila kusubiri ruhusa ya serikali kuu kwa kila hatua. Uhuru huo hauifanyi halmashauri kuwa dola ndani ya dola, kwa kuwa sera za taifa, sheria za Bunge na ukaguzi wa hesabu hubaki juu yake. Ili kuupima kwa haki, inafaa kuutenganisha katika sehemu tatu:

1. Uhuru wa kisiasa, unaohusu nani anawachagua viongozi, nani anaweza kuwaondoa na ni mambo gani baraza lao linaweza kuyaamua.
2. Uhuru wa kifedha, unaohusu vyanzo vya mapato ambavyo eneo linavimiliki na kiasi cha fedha ambazo linaweza kuzipangia matumizi kwa kufuata vipaumbele vyake.
3. Uhuru wa kiutumishi, unaohusu nani anaajiri, anapanga, anapandisha vyeo na kuwachukulia hatua watumishi wanaofanya kazi katika eneo hilo.

Sehemu hizi tatu si lazima ziende pamoja. Baraza linaweza kuchaguliwa na wananchi huku likiwa halina fedha za kutekeleza lililoamua, na linaweza kuwa na fedha huku likiwa halina sauti juu ya mtumishi anayezitumia. Mtu anaposema kwamba halmashauri fulani ina madaraka, swali la kwanza la kumuuliza ni madaraka ya aina gani kati ya haya matatu.

Tofauti nyingine ambayo msomaji anapaswa kuishika ni ile iliyopo kati ya kupeleka ofisi na kupeleka madaraka. Serikali kuu inapowahamishia maofisa wake mikoani na wilayani huku wakiendelea kupokea maagizo kutoka wizarani, kilichosogea karibu na wananchi ni ofisi. Ugatuaji wa madaraka, ambao Wakenya huuita ugatuzi, hutokea pale ambapo mamlaka ya kuamua na fedha za kutekeleza vinakabidhiwa kwa chombo kilichochaguliwa na wananchi wenyewe, nacho kinajibu kwao.

Somo la mwaka 1972

Tanzania ilijifunza tofauti hiyo kwa gharama kubwa. Mwaka 1972 serikali ilianzisha mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani, ambao ulizifuta halmashauri za wilaya, na muda mfupi baadaye mamlaka za miji nazo zikafutwa. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kuwasogeza wataalamu karibu na wananchi vijijini, kuharakisha maendeleo na kupunguza urasimu wa makao makuu. Hata hivyo, kilichopelekwa mikoani kilikuwa maofisa na bajeti za serikali kuu, na waliopewa kauli kuhusu barabara, shule na maji walikuwa watumishi walioteuliwa, ambao kupanda kwao cheo hakukutegemea kuridhika kwa mwananchi wa eneo hilo.

Matokeo yalionekana kwanza mijini. Uzoaji wa taka, utunzaji wa mifereji, barabara za mitaa na usafi wa masoko vilizorota kwa sababu hapakuwa tena na chombo ambacho kazi yake ya kila siku ilikuwa hiyo, na milipuko ya kipindupindu ya miaka ya 1970 iliifanya hali hiyo kuwa suala la uhai na kifo. Mamlaka za miji zilirejeshwa mwaka 1978, kisha Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 zikaweka msingi wa kurejesha mfumo mzima wa mamlaka za wilaya na za miji, huku Sheria Na. 9 ya mwaka huohuo ikishughulikia fedha zake. Halmashauri zilianza kazi tena mwaka 1984, na Serikali za Mitaa zikapata kinga ya kikatiba katika Ibara ya 145 na 146. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe, katika mahojiano aliyoyafanya karibu na wakati huo, alikiri kwamba kufutwa kwa Serikali za Mitaa pamoja na vyama vya ushirika ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angepewa nafasi ya kuanza upya.

Kipindi hicho hakikukosa viongozi wenye ari, kwani wengi waliopelekwa mikoani walikuwa vijana wasomi walioamini wanajenga taifa. Hata hivyo ari yao haikuweza kuziba pengo la chombo cha wananchi, kwa sababu mtumishi mwenye nia njema anayehesabiwa na wizara hulazimika kuipa kipaumbele taarifa inayosubiriwa wizarani kabla ya mfereji ulioziba mtaani.

*Kwa ufupi:* kusogeza ofisi karibu na wananchi si sawa na kuwapa madaraka, na ari ya watumishi haitoshi pale ambapo wanaohudumiwa hawana njia ya kuwawajibisha.

Nafasi ya kuamua iliyopo leo

Sera ya Maboresho ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1998 ilikusudia kuupanua uhuru katika sehemu zake zote tatu, na kuanzia mwaka wa fedha 2004/2005 halmashauri zilianza kupata ruzuku ya maendeleo ambayo kiasi chake kilitegemea kama halmashauri imetimiza masharti ya msingi ya usimamizi wa fedha na utawala bora. Ruzuku hiyo ilikuwa na mafunzo mawili muhimu. Kwanza, iliipa halmashauri fedha ambazo iliweza kuzipangia yenyewe, na pili, iliunganisha fedha hizo na mwenendo wake, kiasi kwamba halmashauri iliyoshindwa kutunza vitabu vya hesabu ilipoteza mgao ambao wananchi wake wangeuona kwa macho.

Hata hivyo, mwelekeo haukuwa wa upande mmoja. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, iliyokuwa ikitozwa kila mtu mzima, ilifutwa, hatua iliyowapunguzia wananchi kero ya kukamatwa na mgambo lakini ikaziondolea halmashauri chanzo kikubwa. Ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo uti wa mgongo wa mapato ya miji, ilirejeshwa mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 imekuwa ikikatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Njia hiyo imerahisisha ukusanyaji, lakini imedhoofisha uhusiano wa moja kwa moja kati ya mwenye nyumba anayelipa na manispaa inayopaswa kumzolea taka.

Majukumu nayo yamehamishwa. Mwaka 2017 ulianzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, uliochukua barabara zilizokuwa chini ya halmashauri, na mwaka 2019 Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulichukua maji ya vijijini. Sababu zilizotolewa zina uzito, kwa kuwa halmashauri nyingi hazikuwa na wahandisi wa kutosha na fedha za barabara zilisambaa katika miradi midogo isiyokamilika. Lakini mwananchi ambaye kalavati la kijiji chake limesombwa na mvua bado anamwendea diwani aliyempigia kura, naye diwani sasa hana bajeti ya kalavati hilo, bali ana nafasi ya kuomba na kukumbusha katika vikao.

Kinachobaki kwa halmashauri ni mapato ya ndani kutoka katika vyanzo kama ushuru wa huduma, ada za stendi, masoko, minada na machinjio, pamoja na ruzuku ambayo sehemu yake kubwa huja ikiwa imekwishapangiwa matumizi. Kila mwaka halmashauri huandaa bajeti ndani ya ukomo, yaani kiwango cha juu ambacho serikali kuu imeuwekea kila mpango. Hata mapato ya ndani yana maelekezo yake: sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 kwa ajili ya mikopo, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu, na mwaka 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa nchi nzima kwa uamuzi wa serikali kuu baada ya kasoro kubainika katika marejesho na usimamizi wake. Halmashauri zilizoisimamia mikopo hiyo vizuri na zile zilizoiharibu zilisimamishwa kwa pamoja, jambo linaloonyesha udhaifu wa tiba moja kwa wagonjwa wote.

*Kwa ufupi:* halmashauri ina uhuru, lakini uhuru huo una mipaka inayobadilika mara kwa mara, na mara nyingi majukumu, fedha na sauti ya wananchi havikai mahali pamoja.

Mitindo ya uongozi na athari zake

Mtindo wa uongozi ni namna ya kudumu ambayo kiongozi huitumia kuwafanya watu wengine watende. Wataalamu wa utawala hutaja mitindo mingi, lakini katika ofisi za umma za Afrika Mashariki minne huonekana zaidi:

- Uongozi wa amri, ambapo kiongozi huamua peke yake, hutoa agizo na kuwaadhibu wasiotekeleza.
- Uongozi wa mapatano, ambapo kiongozi na mtumishi hukubaliana malengo, na malipo, cheo au adhabu hufuata kufikiwa au kutofikiwa kwake.
- Uongozi shirikishi, ambapo kiongozi huweka taarifa mezani, husikiliza wakuu wa idara, madiwani na wananchi kabla ya kuamua, kisha huwajibika kwa uamuzi uliofikiwa.
- Uongozi wa kuachilia, ambapo kiongozi hukaa ofisini bila kuelekeza wala kufuatilia, na kila idara huenda njia yake.

Mtindo wa nne hauna mtetezi, ingawa ni wa kawaida kuliko inavyokubaliwa. Mjadala wa kweli uko kati ya mitatu ya mwanzo, na hasa kati ya amri na ushirikishi.

Uongozi wa amri una nguvu zake. Panapotokea mlipuko wa ugonjwa, mafuriko au wizi wa wazi wa fedha za umma, agizo moja linaweza kuokoa muda na maisha. Ziara za kushtukiza zilizoshamiri Tanzania baada ya mwaka 2015 ziliwarejesha watumishi wengi vituoni mwao, zikapunguza uchelewaji na kumpa mwananchi wa kawaida hisia kwamba kuna anayemsikiliza. Udhaifu wa mtindo huo hujitokeza muda unapopita. Mtumishi anayefanya kazi kwa kuogopa ziara hujifunza kulinda faili lake zaidi ya kutatua tatizo, mkuu wa idara anayejua kwamba kosa moja litamvua cheo mbele ya kamera huacha kuamua hata yale yaliyo ndani ya mamlaka yake, na jambo dogo ambalo lingemalizwa kwa saini ya mtendaji wa kata husubiri msafara wa kiongozi wa kitaifa. Nafasi ya kuamua iliyomo katika sheria hubaki bila mtumiaji, kwa sababu kila mmoja anangoja kuelekezwa.

Uongozi wa mapatano umejaribiwa kwa kina nchini Rwanda kupitia imihigo, yaani mikataba ya utendaji ambayo tangu mwaka 2006 mameya wa wilaya huisaini mbele ya Rais, na ambayo utekelezaji wake hupimwa na kutangazwa hadharani. Utaratibu huo umewafanya viongozi wa wilaya kuyachukua malengo kwa uzito ambao mipango mingi ya Afrika haijawahi kuupata. Kikwazo chake kimo katika chanzo cha malengo yenyewe: pale yanapotoka juu, kiongozi wa wilaya hupata msukumo wa kuyatimiza yale yanayohesabika kabla ya yale ambayo wananchi wake wanayahitaji lakini hayamo katika mkataba.

Uongozi shirikishi ni wa polepole na huchosha, kwani vikao ni virefu na maoni hugongana. Faida yake ni kwamba huleta taarifa ambazo kiongozi hawezi kuzipata ofisini. Mwanakijiji anajua ni kisima kipi hukauka mwezi wa Septemba na ni fundi yupi aliacha kazi ya mwaka jana bila kuimaliza, na mkurugenzi asiyekuwa na njia ya kuyasikia hayo atapeleka fedha mahali pasipostahili kwa moyo mweupe kabisa.

Uhuru na uongozi vinapokutana

Namna uhuru na mtindo wa uongozi vinavyofanya kazi pamoja inaonekana vizuri katika zahanati. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya nchini Tanzania zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vya kutolea huduma, badala ya kukaa halmashauri na kusubiri mganga mkuu wa wilaya aamue kila ununuzi. Zahanati yenye akaunti yake inaweza kuagiza dawa Bohari ya Dawa, na pale dawa inapokosekana huko, kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeidhinishwa na kupangiwa bei mapema. Uamuzi huo hupitia kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi.

Utaratibu ni mmoja kwa zahanati zote, lakini matokeo yanategemea mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo. Pale anapoiitisha kamati kwa wakati, akaonyesha salio na kueleza ni dawa zipi zimekwisha, wajumbe huweza kukubaliana kwamba robo hiyo fedha ziende kwenye dawa za shinikizo la damu kabla ya kupaka rangi ukuta, na wanaporudi mtaani huwa mashahidi wa matumizi hayo. Pale anapowaita wajumbe kusaini muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika, akaunti ileile huwa chanzo cha tuhuma, na wananchi huanza kuamini kwamba zamani, fedha zilipokuwa wilayani, mambo yalikuwa afadhali. Hali ni hiyohiyo shuleni, ambako tangu mwaka 2016, baada ya kuanzishwa elimu bila malipo, fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na kamati ya shule huwa ama macho ya wazazi au muhuri wa mwalimu mkuu.

Mfano wa pili ni ujenzi kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo taasisi ya umma hununua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi wa eneo husika badala ya kumpa mkandarasi kazi yote. Mwishoni mwa mwaka 2021, sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kukabiliana na athari za UVIKO-19 ilitumika kujenga vyumba vya madarasa 15,000 katika muda mfupi, na kwa sehemu kubwa kazi hiyo ilisimamiwa na halmashauri na kamati za shule. Muda uliowekwa na serikali kuu ulikuwa agizo, lakini saruji, mchanga, mafundi na ulinzi wa vifaa viliamuliwa pale shuleni. Kasi hiyo inaonyesha kwamba ngazi ya chini ina uwezo mkubwa unaolala pale ambapo haijaaminiwa.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilianzisha kaunti 47 zilizoanza kazi mwaka 2013, kila moja ikiwa na gavana na bunge la kaunti waliochaguliwa, na kaunti zote kwa pamoja zikihakikishiwa mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Uhuru huo ni mpana kuliko wa halmashauri za Tanzania, lakini kwa kuwa kaunti zote zinao, unasaidia kuonyesha kazi ya uongozi. Katika Kaunti ya Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana aliyeongoza kuanzia mwaka 2013 hadi 2022, vipaumbele vya bajeti vilianza kujadiliwa katika vijiji na kupanda hadi ngazi ya kaunti, na kamati za wananchi za usimamizi wa miradi zikapewa sauti kabla mkandarasi hajalipwa. Mpango wa afya wa MakueniCare, ulioanza mwaka 2016, uliiwezesha familia kulipa shilingi 500 za Kenya kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti.

Safari hiyo haikuwa tambarare. Mgogoro kati ya gavana na bunge la kaunti ulifikia hatua ya risasi kufyatuliwa mwaka 2014, na wananchi wakawasilisha ombi la kuvunjwa kwa serikali ya kaunti, ombi ambalo Rais Uhuru Kenyatta hakulikubali. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 magavana wa Kiambu na Nairobi waliondolewa madarakani kwa kura za mabunge yao ya kaunti na za Seneti. Katiba ni moja na uhuru ni uleule, lakini pale kiongozi alipotumia uhuru huo kuwagawia wananchi taarifa na sauti, ugatuzi ulionekana hospitalini. Pale alipoutumia kujilimbikizia uamuzi, ulionekana mahakamani.

*Kwa ufupi:* uhuru hufungua mlango wa huduma bora, mtindo wa uongozi huamua nani anapita mlangoni, na taarifa zilizo wazi huzuia mlango huo kugeuzwa mali ya mtu mmoja.

Kiini cha tatizo: nani anamwajibisha nani

Katika halmashauri ya Tanzania kuna watu wawili wenye uzito. Mwenyekiti wa halmashauri, au meya mijini, huchaguliwa na madiwani wenzake, ambao nao wamechaguliwa na wananchi wa kata. Mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu na msimamizi wa fedha, huteuliwa na Rais. Pembeni yao yupo mkuu wa wilaya, naye ni mteule wa Rais, ambaye huiwakilisha serikali kuu. Walimu na wahudumu wa afya, walio kundi kubwa la watumishi wa halmashauri, kwa kawaida hupangiwa vituo kutoka juu.

Muundo huu una sababu zake, ikiwemo kulinda weledi na umoja wa taifa, lakini athari yake kwa utendaji ni ya moja kwa moja. Diwani anayelaumiwa na wananchi hana mamlaka ya kumwondoa mkurugenzi aliyekawia kutekeleza azimio la baraza, na mkurugenzi anayeweza kuhamishwa wakati wowote ana sababu ya kutazama juu zaidi ya kutazama barazani. Mkurugenzi mwenye busara huuziba mwanya huo kwa tabia yake: hupeleka taarifa ya mapato na matumizi kabla ya kuombwa, huzunguka kata zote pamoja na madiwani, na huijibu hoja ya mkaguzi barazani kwa uwazi uleule anaoutumia mbele ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Lakini huduma za wananchi hazipaswi kutegemea bahati ya kupata mkurugenzi wa aina hiyo, kwa kuwa akihamishwa huondoka na mtindo wake, na mrithi wake anaweza kuja na mwingine.

Wapo wanaopinga kupanua uhuru wa halmashauri kwa hoja tatu za maana: kwamba ubadhirifu utahamia ngazi ya chini, kwamba wataalamu ni wachache, na kwamba maeneo tajiri yenye migodi, bandari au biashara kubwa yatayaacha nyuma maeneo maskini. Hoja hizi zinastahili majibu ya kweli. Ubadhirifu wa ngazi ya chini upo, na ripoti za ukaguzi huuonyesha kila mwaka, lakini ni rahisi kwa mwanakijiji kugundua mifuko ya saruji iliyopungua kwenye zahanati yake kuliko kugundua zabuni iliyopotoshwa katika jiji asilowahi kufika. Uchache wa wataalamu ni hoja ya kushirikisha halmashauri jirani katika kutumia mhandisi mmoja, na hauhitaji kulinyang'anya baraza kauli juu ya barabara. Tofauti za utajiri nazo ndizo zinazoipa serikali kuu kazi yake ya kudumu ya kugawa ruzuku kwa kuzingatia idadi ya watu, umaskini na umbali, ili uhuru usiwe fursa ya wenye nacho peke yao.

Yanayopaswa kufanyika

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo manne yanahitaji kufuatwa kwa pamoja:

1. Jukumu na fedha zake vikae mahali pamoja. Chombo kinachoulizwa kuhusu barabara, maji au taka kiwe na bajeti ya huduma hiyo, au angalau kauli ya lazima juu ya vipaumbele vyake.
2. Sehemu ya ruzuku iachiwe halmashauri kuipangia yenyewe, na ukubwa wa sehemu hiyo utegemee rekodi ya uwazi na ukaguzi, ili halmashauri inayosimamia vizuri isiadhibiwe kwa makosa ya nyingine.
3. Baraza la madiwani lipewe sauti rasmi katika kumpima mkurugenzi, na tathmini hiyo iwe na uzito pale uteuzi wake unapofikiriwa upya.
4. Viongozi wafundishwe na kupandishwa vyeo kwa uwezo wa kushirikisha, kufuatilia na kutoa taarifa, kuliko kwa wingi wa maagizo waliyoyatoa.

Mwananchi naye ana sehemu yake, kwa kuwa sheria imekwisha kumpa chombo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi 3, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi, na taarifa za fedha zinapaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Mkutano usioitishwa na taarifa isiyobandikwa ni dalili za mapema kwamba uhuru wa eneo hilo unatumiwa na wachache, na ni rahisi kuzihoji dalili hizo mapema kuliko kudai fedha zilizokwisha kuliwa.

Kiongozi mzuri anayepewa nafasi ya kuamua huleta mabadiliko, lakini mabadiliko hayo hudumu pale anapowaachia wananchi uwezo wa kumuuliza mrithi wake maswali yaleyale. Mageuzi yoyote ya Serikali za Mitaa yapimwe kwa kigezo hicho: kama baada ya mkurugenzi kuhamishwa na gavana kumaliza muhula wake, kamati ya zahanati bado inakaa, mapato bado yanasomwa, na mwananchi bado anajua ni nani wa kumuuliza na ana haki gani ya kujibiwa.